Santuri Iliyoharibika Njiani: The Big Broadcast na Ugonjwa wa Kukusanya

Ndugu msomaji, nianze na ugomvi. Tulikuwa watatu chumbani kwa mshikaji wangu mmoja, mtu wa kukusanya vitu vya zamani: santuri, mabango ya sinema, redio za betri zisizolia tena. Siku hiyo alikuwa na flashi mkononi anaibeba kama yai. Akasema humo ndani mna filamu ya mwaka 1932, ya Kimarekani, nyeusi na nyeupe, inaitwa The Big Broadcast. Akasema tena, na hapa ndipo ugomvi ulipoanza, kwamba hata tukiona ni mbaya haidhuru, maana thamani yake ni uadimu wake.

Mimi nikamkatalia palepale. Nikamwambia kitu kibaya ni kibaya tu, kiwe kimoja duniani au viwe elfu. Hatukuelewana. Basi tukazima taa tukaangalia. Dakika themanini hivi zilipokwisha, wote wawili tulikuwa tumekosea, kila mtu kwa upande wake. Makala haya ni ya kueleza tulikosea wapi.

Kwanza hadithi yenyewe, kwa ufupi, maana hadithi si kitu kikubwa hapa. Kuna kituo cha redio mjini New York. Meneja wake ni George Burns. Msichana wa ofisi ni Gracie Allen, ambaye ukimuuliza swali moja anakujibu lingine, na lile jibu ukilifikiria sana unakuta lina mantiki yake, ila ni mantiki ya sayari nyingine. Mwimbaji wa kituo ni kijana anayeitwa Bing, anachezwa na Bing Crosby mwenyewe. Ni mvivu na mchelewaji, wanawake wanamgombania na mdhamini wa kipindi amemchoka. Anaingia Leslie, tajiri wa mafuta kutoka Texas, mpole, ameachwa na mchumba kama Bing alivyoachwa na wake. Leslie ananunua kituo kizima ili kukiokoa, na wanaandaa matangazo makubwa ya usiku mmoja yenye nyota wote wa redio. Usiku unafika, Bing haonekani.

Msuko ndio huo. Ulitokana na mchezo wa jukwaani, akauongoza Frank Tuttle kwa kampuni ya Paramount. Ukiuchukua kwa vipimo vya darasani, vile vya dhamira, wahusika na mgogoro, utaupa alama ya wastani, tena kwa huruma. Mapenzi ya pembe tatu yamo, na mwisho watu wanapatana kama tunavyotarajia. Kuna pia mahali ambapo wale wanaume wawili walioachwa wanafungua gesi chumbani wafe, na filamu inataka tucheke. Mimi sikucheka. Najua zilikuwa nyakati ngumu: 1933, mwaka mmoja tu baadaye, karibu robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na kazi, na watu wenye shida huifanyia shida utani. Hata hivyo utani ule haukunipata. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana nimenunuliwa.

Sasa kwa nini watu wanaitafuta? Jibu ni kwamba msuko ni kamba tu, na kwenye kamba wameanikwa watu: Kate Smith, Boswell Sisters, Mills Brothers, Cab Calloway na bendi yake, Arthur Tracy, Donald Novis, Vincent Lopez na okestra yake. Wote walikuwa sauti za redio. Mamilioni waliwajua kwa masikio, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuwaona usoni. Filamu inalijua jambo hilo vizuri: mwanzoni kabisa tunaonyeshwa picha zao, kisha zile picha zinapata uhai na kuimba. Ni kama mtu aliyekuwa akiongea nawe kwa simu miaka yote, leo anabisha hodi mlangoni.

Hebu tukumbuke redio ilikuwa nini wakati ule. NBC ilianzishwa 1926, CBS mwaka uliofuata. Katika miaka michache tu redio ikawa mfalme wa nyumba. Wenye majumba ya sinema waliogopa, na walikuwa na sababu. Kulikuwa na kipindi kinaitwa Amos 'n' Andy, na kilipendwa kiasi kwamba baadhi ya majumba ya sinema yalisimamisha filamu yakawasikilizisha watazamaji kipindi kwanza, ndipo picha ikaendelea. Mwaka 1929 Paramount walinunua nusu ya CBS, na 1932, hela ilipowaishia, wakaiuza tena. Mwaka huohuo wakatoa The Big Broadcast. Yaani ukishindwa kumshika adui yako kwa pesa, mwalike nyumbani umpige picha. Hapo ndipo filamu hii ilipozaliwa: biashara tupu. Hakuna aliyekaa akasema tutengeneze kumbukumbu ya taifa.

Na ndiyo hoja yangu ya kwanza dhidi ya nafsi yangu. Nilifikiri kitu cha biashara hakiwezi kubeba uzito. Kumbe kinaweza, tena bila kujua.

Chukua Eddie Lang, yule mpiga gita anayemsindikiza Bing. Ametulia, kichwa chini, vidole vinafanya kazi kama fundi saa. Lang alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulifanya gita liwe na heshima yake kwenye jazi. Tarehe 26 Machi 1933, miezi mitano baada ya filamu kutoka, alifariki baada ya operesheni ya tonsili. Alikuwa na miaka 30. Picha zake zinazotembea ni chache mno, na mojawapo ndiyo hii. Au chukua Mills Brothers, ndugu wanne kutoka Ohio walioiga tarumbeta na tuba kwa midomo mitupu, chombo chao pekee kikiwa gita moja. Aliyelishika lile gita ni John, mkubwa wao. Alifariki 1936. Boswell Sisters, wale dada watatu wa New Orleans walioukata wimbo na kuushona upya kama fundi wa cherehani, mwaka huo huo wa 1936 wakaacha kuimba pamoja. Kamera iliwakuta wakiwa kazini tu, kama umeme usivyopiga hodi. Dakika tatu tatu, basi.

Mshikaji wangu hapo akapiga paja. "Unaona? Adimu!" Ngoja kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo mkusanyaji hulipita haraka, na mimi nataka tusimame. Nimekitaja Amos 'n' Andy. Wale Amos na Andy walikuwa watu weusi kwenye hadithi. Waliowaigiza, Freeman Gosden na Charles Correll, walikuwa wazungu wawili. Kwa hiyo sauti "nyeusi" zilizovuma kuliko zote katika redio ya Marekani miaka ile zilikuwa sauti za kuigwa na kubezwa. Sasa katikati ya filamu anatokea Cab Calloway, koti jeupe, nywele zinaruka, anaongoza bendi kwa mwili mzima, anaimba wimbo wa wavutaji wa kasumba mbele ya kamera bila hata kupepesa. Huyu mtu alikuwa anapiga kila usiku Cotton Club, klabu ya Harlem ambako wasanii walikuwa weusi na wateja wazungu. Ndugu zake wasingeruhusiwa kukaa meza ya mbele wamtazame. Redio ndiyo iliyomtoa mle ndani ikampeleka nchi nzima. Na sinema ikampa uso.

Lakini tazama vizuri amewekwa wapi. Anaimba, anaondoka. Hana neno hata moja kwenye hadithi. Mills Brothers vilevile. Utaniambia hata Kate Smith anaimba na kuondoka. Kweli. Ila Kate Smith mwaka uliofuata alipewa filamu nzima aiongoze yeye kama mhusika mkuu, na wale wengine hawakupewa. Ukumbi umewafungulia mlango wa jukwaani, si mlango wa sebuleni. Mkusanyaji anayesema "dakika hizi ni dhahabu" anasema kweli, lakini nusu. Nusu ya pili ni kuuliza kwa nini zilikuwa dakika tu. Mhakiki asiyeuliza hilo ni bora akauze mabango.

Tuje kwenye kilele, maana hapo ndipo nilipobadilika. Usiku wa matangazo makubwa, Bing hayupo. Leslie, yule tajiri mpole, anapata wazo: kama mwimbaji hayupo, tupige santuri yake, nani atajua? Anatoka mbio mjini usiku kutafuta santuri moja tu ya Bing. Sehemu hii inakwenda karibu bila maneno, kama sinema za bubu zilizokuwa zimekufa miaka mitatu minne tu nyuma. Stuart Erwin, anayemcheza Leslie, anakimbia, anaanguka, muda unakwenda. Anaipata santuri. Njiani inaharibika. Anarudi studio mikono mitupu, na kwa kukata tamaa anasogea kwenye kipaza sauti anajaribu kuimba yeye kwa sauti ya Bing. Ah! Ni balaa. Ndipo Bing anapoingia, anaupokea wimbo, na dunia inatulia.

Tulicheka sana. Kisha nikaacha kucheka, nikafikiri: kichekesho hiki kinasema nini hasa? Kinasema santuri haiwezi kukaa mahali pa mtu. Redio ni mtu aliye hai, sasa hivi, upande wa pili wa kipaza sauti. Na ndivyo mashirika makubwa ya redio yalivyoamini kweli. Kwa miaka mingi NBC ilikataa vipindi vyake vikubwa vipigwe kutoka kwenye santuri. Uhai kwanza.

Sasa sikiliza mzaha wa historia. Mtu aliyekuja kuuvunja utaratibu huo ni nani? Bing Crosby mwenyewe, si mtu mwingine. Mwaka 1946 alichoka na kuimba moja kwa moja kila wiki, akahamia ABC waliomkubalia arekodi kipindi chake mapema kwenye santuri. Sauti haikuwa nzuri sana. Mwaka 1947 akampata fundi, Jack Mullin, aliyekuwa jeshini na aliyerudi kutoka Ujerumani na mashine mbili za Magnetophon, zile za kurekodi kwenye utepe wa sumaku. Kuanzia msimu huo kipindi cha Bing kikawa kinarekodiwa kwenye kanda, kinakatwa, kinaunganishwa, kinarushwa baadaye. Bing akatoa dola 50,000 kuisaidia kampuni ndogo iitwayo Ampex itengeneze mashine za namna hiyo. Kijana mchelewaji wa mwaka 1932 ndiye aliyekuja kutufundisha kwamba mwimbaji anaweza kuwa kitandani amelala na redio ikaendelea kuimba.

Maana yake ni hii. Filamu iliyocheka santuri imebaki kwetu kama santuri. Vipindi halisi vya redio vya 1932, vile walivyoimba hao wote moja kwa moja, vingi vilipotea hewani, maana hakuna aliyekuwa anavihifadhi. Kilichobaki ni hiki kiigizo, hii nakala. Na hata hiki kilibaki kwa bahati. Filamu za wakati ule zilichapwa kwenye utepe wa naitreti, kitu kinachooza na kushika moto haraka. Mwaka 1958 Paramount waliuza rundo la filamu zao za zamani, 700 hivi, kwa kampuni ya MCA, kwa ajili ya televisheni. Ziliuzwa kwa fungu, kama nyanya.

Basi ndugu zangu, niwaeleze kwa nini suala hili linanichoma, maana mhakiki asiyesema anasimama wapi anajificha.

Nilikuwa na baba mdogo, marehemu sasa. Alikuwa na redio kaseti na tabia moja: jioni bendi zikipigwa Redio Tanzania anarekodi. Wakubwa wanakumbuka mambo yalivyokuwa: nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa studio za RTD kwenye kanda kubwa, redio ikazipiga, na sisi nyumbani tukaziiba kwa kaseti. Ndio, kanda zilezile za sumaku, ndugu wa zile za Bing. Baba mdogo alikuwa na zaidi yake. Katikati ya nyimbo alibonyeza kinasa sauti akatangaza yeye, kwa mbwembwe, kama yupo studio: wimbo unaofuata, bendi fulani, na salamu ziwafikie watoto wote wa nyumba hii, akitaja majina yetu mmoja mmoja. Sisi tulicheka tukidhani ni upuuzi.

Nilipoingia sekondari nilitaka kurekodi rap. Pesa ya kaseti tupu sikuwa nayo. Nikachukua kaseti zake, nikaziba vile vitundu kwa karatasi, nikarekodi juu yake. Kaseti moja baada ya nyingine. Alijua, hakusema kitu. Alipofariki ndipo tulipozitafuta. Upande B wa kaseti moja, mwishoni, rap yangu inapokatika, anasikika: "...na wewe pia usichelewe kulala." Sekunde kumi na moja. Nimezihesabu.

Kwa hiyo nilipomwona Leslie anakimbia na ile santuri mikononi, najua ilivyo. Mimi ndiye niliyeiharibu njiani.

Narudi kwenye ugomvi wetu. Mshikaji wangu alisema thamani ni uadimu. Hapana. Zile sekunde kumi na moja ziko nakala moja duniani na hakuna mtu mnadani atakayezipa shilingi tano. Thamani yake ni kwamba kuna mtu mle ndani. Vivyo hivyo Eddie Lang: si kwamba ni adimu, ni kwamba yumo, anapiga gita, na hajui bado. Kwa upande wangu, nilisema kibaya ni kibaya tu. Nalo nalifuta. Kuna kazi ambazo msuko wake ni dhaifu, utani wake nusu umeoza, na bado zimebeba kitu ambacho kazi nzuri zote za mwaka ule hazikukibeba. The Big Broadcast ni mojawapo. Paramount wenyewe walijaribu kuurudia mpango huo mara tatu, kwa majina ya 1936, 1937 na 1938. Ya 1938 ndiyo iliyomtoa Bob Hope na wimbo wake ukapata Oscar. Zina fedha zaidi, zina meli kubwa, zina vichekesho vingi. Lakini ile ya kwanza ina wasiwasi wa mtu anayepigwa picha kwa mara ya kwanza, na huo huwezi kuurudia.

Kosa la mkusanyaji ni kudhani kazi imekwisha akishakipata kitu. Anakiweka kabatini, anafunga kioo. Mimi nasema kukipata ni nusu ya safari ya Leslie. Lazima ukifikishe studio kikasikike. Mshikaji wangu nimemwambia hivyo. Akanuna siku mbili, siku ya tatu akanipigia kwamba Jumamosi ataweka kitambaa cheupe ukutani, walete watu, kiingilio bure, waje na viti.

Na ninyi mnaoandika, na najua wengi mnaosoma kurasa hizi mnaandika, au mna daftari chini ya godoro. Tunasumbuliwa sana na kutaka kuandika kazi kubwa. Riwaya ya karne. Wakati huohuo mtaani kwenu kuna mtu anatangaza mechi kwenye kibanda umiza kwa namna ambayo hakuna redio itakayoirusha. Kuna kondakta mwenye lugha yake. Kuna bibi anayesimulia hadithi moja kila jioni na kila jioni anaibadilisha. Waandikeni hata kama msuko haujakamilika. Muuze kwa biashara mkitaka, haidhuru, Paramount walifanya hivyohivyo. Ila msirekodi juu yake.

Kuhusu filamu yenyewe, hukumu yangu: ikutafute au uitafute, itazame. Vumilia mapenzi yake ya kukopa. Ile sehemu ya gesi angalia pembeni kama mimi. Cab Calloway akitokea, kaa wima. Na Eddie Lang akianza, kwa hisani yenu, mtu asiongee.